Adinkra, nakshi za mlango wa pwani au imigongo? Soma kabla hujamlipa fundi

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mtoto wetu wa kwanza alipokaribia kuzaliwa nilitaka chumba chake kiwe na kitu cha Kiafrika ukutani, nlishachoka na masungura ya stika, basi nikaingia mtandaoni nikakuta bango lina alama za adinkra, za Ghana, zimepangwa kama alfabeti, nikachagua moja iliyokaa kama kangazi kadogo hivi, simpo, nikamrushia fundi seremala picha WhatsApp akanikatia kwenye mbao ya mninga, vanishi nikapaka mwenyewe, nikatundika juu ya kitanda cha mtoto. Imekaa pale miezi minne. Siku hiyo shemeji akaja na rafiki yake Mghana kumwona mtoto, yule bwana akaangalia ukutani, akanyamaza, akanywa chai kidogo, halafu akaniuliza kwa upole kabisa kama najua ile ni nini.

Owuo atwedee, akasema. Ngazi ya kifo. Waasante, watu wa huko kwao Ghana, wana msemo kwamba ngazi ya kifo haipandwi na mtu mmoja, yaani kila mtu ataipanda siku yake ikifika. Na mi nimeiweka juu ya kichwa cha mtoto. Mke wangu aliishusha kabla mgeni hajamaliza kikombe.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza uliza sana kuhusu haya mapambo, na sasa hivi dada yangu anajenga Kigamboni, kafika hatua ya milango na geti na ukuta wa sebule, kila siku ananitumia picha, kaka hii vipi, kaka ile inamaanisha nini. Nliyomjibu ndo haya. Shida kubwa naona watu wanachukua vitu vitatu tofauti kabisa, adinkra za Ghana, nakshi za milango yetu ya pwani na imigongo ya Rwanda, yale mapambo ya matuta ya ukutani, wanavitia kwenye kapu moja la "alama za Kiafrika", halafu wanadhani kila mstari una tafsiri yake. Sio hivo. Moja hapo inaongea kweli kweli, kama methali. Nyingine inaongea nusu, nusu iliyobaki ni stori za waongoza watalii. Na ya tatu haina maneno mengi, kazi yake ni kuyashika macho yako, na inaiweza hiyo kazi kuliko hizo mbili.

ADINKRA: kanga iliyofutwa jina

Ukitaka kuielewa adinkra haraka fikiria kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndo linamfikishia jirani ujumbe. Sasa chukua kanga ufute lile jina, ibaki picha peke yake, ila watu wote mtaani wanalijua jina lililokuwepo. Hiyo ndo adinkra. Kila alama nyuma yake kuna msemo wa Waakan, jamii kubwa ambamo Waasante wamo, na mtu aliyekulia huko akiona alama anausikia msemo kichwani.

Asili yake ni Waasante na ndugu zao wa Gyaman, upande wa Ghana na Kodivaa. Stori inayopendwa zaidi inasema mfalme wa Gyaman, Kofi Adinkra, alijitengenezea kiti cha kuiga Kiti cha Dhahabu cha Waasante, Asantehene, yaani mfalme wa Waasante, Osei Bonsu akachukia, vita ikapigwa, 1818 hivi Adinkra akashindwa na kuuawa, na washindi wakabeba nguo zake na ufundi wake. Stori tamu ila ina tobo, manake kuna kitambaa cha adinkra alichokipata Mwingereza mmoja, Thomas Bowdich, pale Kumasi, mji mkuu wa Waasante, mwaka 1817, na kipo British Museum mpaka leo. Sasa kama Kumasi walikuwa nacho kabla ya huyo mfalme kushindwa, ufundi haukuja na nyara za vita peke yake. Wapo pia wanaosema jina lenyewe linatokana na maneno ya Kitwi, lugha yao, ya kuagana, na mi naegemea huko kwa sababu ukiuliza hizi nguo zilivaliwa wapi hasa, jibu ni msibani. Mtu anaagwa.

Hapo ndo pa kushika vizuri kama unachagua. Alama moja moja nyingi ni za heri kabisa, lakini kitambaa cha adinkra chenye rangi ya hudhurungi iliyokolea, wanaita kuntunkuni, au chekundu cha kobene, au cheusi, hiyo ni nguo ya matanga. Zile nyeupe au zenye rangi za kung'aa ndo za shughuli za furaha. Nlimwona bwana harusi mmoja hapa Dar kavaa adinkra ya hudhurungi kapendeza ajabu, nikajisemea moyoni Mungu asimlete Mghana ukumbini leo.

Kazi yenyewe inafanyika sana Ntonso, mji mdogo karibu na Kumasi. Wanachukua gome la mti unaoitwa badie, wanaliloweka, wanalitwanga kwenye kinu, wanalichemsha na kuchuja na kuchemsha tena mpaka maji yanakuwa meusi mazito kama lami. Muhuri unachongwa kwenye kipande cha kibuyu, na kwa nyuma vijiti vinafungwa pamoja viwe mpini. Kwa kuwa kibuyu kina mviringo, fundi hapigi muhuri kama karani wa posta, anaubingirisha kidogo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ili wino ushike sawa. Kabla ya hapo anachora mistari ya kugawa kitambaa kwa kitu kama kitana cha mbao. Ukiona adinkra ambayo kila alama iko sawasawa kama imetoka kwenye printa, basi imetoka kwenye printa.

Zile ambazo mtu wa huku anaweza kuzitumia bila kujuta: Gye Nyame, "ila Mungu", hiyo ukienda Ghana utaiona kila mahali, kwenye viti vya plastiki, kwenye fulana, kwenye maduka. Eban ni uzio, usalama wa nyumba na familia. Dwennimmen ni pembe za kondoo dume, mwenye nguvu lakini mnyenyekevu. Osram ne nsoromma, mwezi na nyota, ni mapenzi na uaminifu wa wawili, hii nzuri kwa kadi za harusi. Duafe ni kitana cha mbao, uzuri na usafi wa mwanamke, mwenye saluni asome hapa mara mbili. Na ile ya mamba wawili wenye tumbo moja, Funtunfunefu, wanagombania chakula wakati kinaenda sehemu ile ile, hiyo ningeitundika kwenye kila nyumba ya urithi yenye kesi.

Sankofa naitenga kwa sababu ndo inachorwa sana kwenye tatoo. Ni ndege kageuza shingo anatazama nyuma, au umbo kama moyo lenye mikunjo. Msemo wake ni kwamba si mwiko kurudi kuchukua ulichokisahau. Watu weusi wa Marekani wanaipenda mno, na mwaka 1991 makaburi ya zamani ya Waafrika yalipofukuliwa New York lilikutwa jeneza moja lina misumari imepangwa umbo la moyo, wengine wakasema ni Sankofa ile, wengine wakasema ni moyo tu, ubishi haujaisha. Kwa nyumba ambazo hawataki picha ya kiumbe ukutani kwa ajili ya dini, lile umbo la moyo linasema maneno yale yale bila ndege.

MILANGO YA PWANI: nakshi inayotangaza mwenye nyumba

Hapa niko nyumbani kidogo, bibi mzaa mama ni wa Unguja. Mlango wa nakshi wa Lamu, Mji Mkongwe, Mombasa au Bagamoyo haukupi msemo, unakwambia nani anaishi ndani. Inasemwa zamani mtu akijenga mlango ulisimamishwa kwanza, kuta zikafuata. Hata kama sio kila nyumba ilifanya hivo, inakuonyesha hela iliwekwa wapi.

Simama mbele ya mlango wowote wa zamani uangalie hivi. Una mbawa mbili, katikati kuna ule mwimo unaofunika mwanya, mfaa, na mara nyingi ndo umechongwa kuliko mbao za mlango zenyewe. Pembeni fremu imezungushiwa mistari ya nakshi ndani ya nakshi, na wa nje kabisa mara nyingi ni mnyororo au kamba. Chini kabisa, angalia kwa makini, kuna samaki, ila mara nyingi hana macho wala mapezi yanayoeleweka, kabaki magamba tu, na kutoka kwake kunapanda mashina na maua mpaka juu. Juu kuna kizingiti. Kikiwa kimenyooka kama ubao, huo ni mtindo wa zamani wanaouhusisha na Oman, na mara nyingi kina maandishi ya Kiarabu, aya, jina la mwenyewe, mwaka wa Hijria. Kikiwa na upinde wa nusu duara na majani mengi yaliyojikunja, hiyo ni mikono ya mafundi wa Kihindi, na ilishika kasi nusu ya pili ya karne ya 19, wakati wa kina Sultan Barghash aliyejenga Beit el Ajaib mwaka 1883.

Maana sasa. Samaki ni uzazi na riziki ya bahari. Mawimbi yanayoonekana chini yanakwenda na samaki. Yungiyungi ni uzazi pia, ua lililotembea sana, Misri wanalo, India wanalo. Mtende ni neema. Ubani ni utajiri wa biashara. Hizi ndo utakazoambiwa na mtu yeyote anayetembeza wageni, na nyingine zina mantiki, ila mi nakushauri uzipokee kwa tahadhari, kwa sababu ukimuuliza mtembezaji mmoja mnyororo ni nini atakwambia hapa palikaa mfanyabiashara wa watumwa, wa pili atakwambia ni ulinzi wa nyumba dhidi ya mabaya, wa tatu ambaye ni mchongaji atakwambia ni pambo la ukingo, kaka, alinifundisha mwalimu wangu. Wa tatu nlimkuta mwenyewe, karakana iko kichochoroni, patasi kama ishirini zimepangwa kwenye kitambaa kwa ukubwa, anagonga na kipande cha mti na wala haangalii mkono. Nikamuuliza waridi lina maana gani. Akapuliza vumbi la mbao, akasema, "Maana yake nalipwa."

Na ile miiba ya shaba? Hiyo asili yake India, ya kuzuia tembo wa vita wasisukume mlango kwa kichwa. Unguja nani alileta tembo wa vita mlangoni. Ilibaki kama fahari, unaisugua inang'aa, jirani anaona.

Kwa hiyo ukichagua nakshi za mlango chagua kwa hadhi na kwa uzuri, usichague kwa kamusi. Angalia mbao: mlango wa nje unataka mbao ngumu, mvule, mfenesi au mtiki, manake nakshi ya kina kwenye mbao laini inakaa misimu miwili ya mvua halafu kingo zinaanza kumomonyoka kama biskuti kwenye chai. Na kama nyumba yako iko bara, ukuta wa tofali za sementi nchi sita, mlango wa pwani wa kweli ni mzito sana, fundi mwashi ajue mapema, sio siku ya kufunga. Kitu kingine, milango mingi ya zamani iling'olewa ikauzwa nje, ukipewa mlango "orijino" uliza umetoka nyumba gani, ukiona anababaika achana nao, chonga mpya.

IMIGONGO: hii inahusu mkono na macho

Jina lenyewe msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Umugongo ni mgongo, imigongo ni migongo, kwa maana ya yale matuta yanayoinuka juu ya ubao. Ni sanaa ya mashariki mwa Rwanda, eneo lililokuwa ufalme wa Gisaka, sasa wilaya ya Kirehe, na masimulizi yanampa sifa mwana wa mfalme aitwaye Kakira, aliyetaka kuta za ndani za nyumba yake zipendeze. Baada ya yeye ilikuwa kazi ya wanawake, mama anamfundisha binti.

Malighafi ni samadi ya ng'ombe. Usikunje uso, inachanganywa na majivu, harufu inakata, wadudu hawakai. Unachora kwanza mistari kwenye ubao, halafu unachukua mchanganyiko huo kidogo kidogo kwa vidole unajenga tuta, unalilainisha, unaliacha likauke, unasugua, ndo unapaka rangi. Za asili zilizo kuu ni tatu: nyeupe ya udongo wa kaolini, nyekundu ya udongo mwekundu, nyeusi iliyopikwa kwa utomvu wa aina ya shubiri na majivu. Mistari inakatakata, almasi ndani ya almasi, mizunguko kama konokono. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yalipiga vibaya sana eneo la Nyarubuye ambako kazi hii ilikuwepo, na waliokuja kuifufua ni kundi la wanawake, wengi wajane, kwenye ushirika uliopewa jina la Kakira. Leo Kigali utaiona hotelini, maofisini, kila mahali.

Watu wananiuliza hii zigzag inasema nini. Haina methali, ndugu yangu. Ukimkuta muuzaji anakupa karatasi yenye maana ya kila almasi jua kaisoma mahali ambapo na mwenzake aliisoma. Uzuri wa imigongo uko kwenye kivuli: ukiweka taa pembeni, sio mbele, kila tuta linatupa kivuli na ukuta unaanza kutembea. Ukichapisha imigongo kwenye karatasi ya ukuta umenunua zigzag tu, matuta ndo yalikuwa bidhaa yenyewe. Na isiwekwe bafuni wala jikoni karibu na mvuke.

RANGI ZILE ZILE TATU

Hii ilinichekesha nilipoigundua. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Rwanda ndo rangi za imigongo ya asili, za nyumba nzuri. Pwani kwetu ndo kisutu, kanga ya bibi harusi, ambayo haina hata jina kwa sababu kila mtu anajua imekuja kufanya nini. Kwa Waasante nguo nyekundu na nyeusi, mtu kafiwa. Sasa we panga ukumbi wa harusi wa binti wa Kizaramo anayeolewa na kijana wa Kumasi, mama wa bibi harusi kaja na kisutu chake kwa fahari, upande wa pili wanashangaa nani kafa.

Na korosho ya kwenye kanga je? Lile umbo la tone lenye mkia. Sisi tunaita korosho kwa sababu tuna mikorosho, lakini lilikuja na vitambaa vya India, na kule wanaona embe. Mapambo yakisafiri yanavaa majina ya huko yanakofikia, kwa hiyo usinibishie sana mtu akikwambia maana tofauti na ya kwangu, muulize tu ni ya wapi.

SASA UCHAGUE NINI

Geti la chuma: adinkra, bila ubishi. Zimechorwa kwa mistari minene, fundi wa kuchomelea anazikunja kwa nondo bapa bila kuharibu. Eban ndo ingekuwa chaguo langu, uzio juu ya uzio. Nakshi ya mlango ukiihamishia kwenye chuma inakuwa kama kitanda cha zamani.

Mlango wa mbele: nakshi za pwani kama hela ipo na paa la baraza lipo. Kama hela ni ya nusu, chonga mfaa na kizingiti peke yake, mbawa ziache wazi. Utapendeza kuliko yule aliyechonga kila nchi kwa mbao rahisi.

Ukuta wa sebule: imigongo, bao moja kubwa au matatu, sio ukuta mzima, macho yatachoka.

Kadi, logo, tatoo: adinkra tena, ila hapa ndo penye hatari kama yangu. Usichague kwa umbo. Tafuta msemo wenyewe kwa lugha yao, halafu mtafute mtu mmoja wa Ghana, hata kwa simu, umsomee. Kwa tatoo hasa, manake mbao unaishusha ukutani, mkono hushushi.

Dada yangu kachukua nusu nusu, geti eban mbili, mlango mfaa wenye mawaridi na kizingiti kilichonyooka, mama akakataa mnyororo, kasema yeye hapiti chini ya mnyororo kwenye nyumba ya mwanawe hata mkimwambia ni ukingo tu. Sebuleni bado anabishana na shemeji kuhusu samadi.

Ile ngazi yangu ya mninga iko stoo nyuma ya ndoo za rangi. Mke wangu hataki itundikwe, na kila nikitaka kuitupa ananiuliza unadhani ni vizuri kuitupa kitu kama hicho? Basi iko hapo.